Mji Mkongwe Zanzibar: nusu siku inatosha kweli, au kuna tunayoyapita bila kuyaona?

#1 MwanaDodoma
Wakuu salaam. Tuko wanne, mmoja wetu Mjerumani, tunavuka kwenda Unguja siku tatu mwezi wa saba. Jamaa yangu anashikilia kwamba Mji Mkongwe ni wa nusu siku tu: milango, kanisa, Forodhani jioni, umemaliza. Siku zilizobaki eti twende Nungwi tukalale mchangani. Wenyeji, ni kweli? Kama si kweli, tuanzie wapi, saa ngapi, na ni nini hasa kinachoharibu safari za watu?

#2 Mla_Urojo
Jamaa yako si mwongo, ila muulize aliingia mjini saa ngapi. Boti ya saa tatu na nusu kutoka Dar inafunga gati kama saa tano na nusu. Mpaka utoke bandarini, ufikishe begi, unawe uso, adhuhuri hiyo. Maduka mengi yanafungwa kwa sala na chakula, jua liko utosini, sokoni samaki wameisha. Mtu anazunguka mji uliolala kisha anatoka anasema hauna kitu.

Mji huu una vipindi viwili: saa moja hadi saa nne asubuhi, na saa kumi alasiri hadi saa tatu usiku. Katikati laleni, kama wenyewe. Pandeni boti ya saa moja asubuhi, na Ijumaa msipange kununua kitu chochote kati ya saa sita na saa nane.

#3 Baharia_Mkavu
Nakazia #2. Boti ni kama saa mbili za safari. Fikeni bandarini saa nzima kabla. Tiketi mkate jana yake, kila mmoja kwa jina lake, na mje na NIDA kwa sababu nauli ya Mtanzania na ya mgeni si moja. Mtanzania haulizwi pasipoti. Mjerumani wenu lazima awe nayo mkononi, si ndani ya begi lililopakiwa. Tafuteni viti vya mbele kabisa mpate kuona vizuri. Kwenda ndiko kunakotapisha, kurudi ni raha.

#4 Nahodha_Mstaafu
#3 umesema vyema hadi kwenye viti, baada ya hapo umewapeleka wenzio majini. Pua ya boti ndiyo inayopanda na kushuka kuliko sehemu yoyote. Anayeogopa kutapika akae chini, katikati au nyuma kidogo, na kidonge anywe saa moja kabla ya kuondoka. Akinywa boti ikishaanza kuyumba, kinatoka na chai.

Na suala la kwenda na kurudi linategemea upepo. Mwezi wa saba ni kusi. Unguja iko kaskazini ya Dar, kwa hiyo mkienda mawimbi yanawasukuma kwa nyuma, mkirudi mnayakata usoni. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, ni kinyume chake. Kwa tarehe zenu, kidonge ni cha kurudia.

#5 Baharia_Mkavu
Nahodha nimekoma 😂

#6 KaratasiZote
Mjerumani wenu ana jambo jingine. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar lazima awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Bima aliyokuja nayo kutoka kwao haihesabiki. Ailipie mtandaoni kabla ya safari na achapishe karatasi yake, la sivyo atawekwa pembeni ya mstari wenzake wakiwa wameshafika Mtini.

#7 MwanaDodoma
Asanteni. Mtini ndiyo wapi? Na hoteli tuchukue ndani ya mji au nje?

#8 Mla_Urojo
Mtini ni ule mti mkubwa barabara ya Mizingani, mbele ya bahari, karibu na bandari. Vyombo vya kwenda kisiwa cha Changuu viko hapo na pale Forodhani.

Hoteli chukueni ndani, lakini kabla hamjalipa ulizeni swali moja: "Gari inaishia wapi?" Shangani, Vuga na Malindi gari inafika karibu. Kiponda, Hurumzi na katikati ya Mkunazini ni vichochoro tu, begi la magurudumu linakufa kwenye mawe. Mwambieni mtu wa hoteli aje kuwapokea pale gari inapoishia. Msipofanya hivyo mtapokewa na mapapasi. Papasi atakuambia hoteli yako imejaa au imefungwa, halafu akupeleke anakopata kamisheni yake. Jibu moja linatosha: "Ahsante, napokewa." Halafu tembea.

#9 Ramani_ya_Kichwani
Mimi naona sababu ya ile nusu siku ni nyingine. Watu wanafuata simu. Ndani ya vichochoro kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta kabla hayajafika kwenye simu, na ile nukta ya buluu inaruka mtaa mzima. Mtu akishapotea mara mbili anarudi barabara ya Gizenga kwenye maduka ya vinyago, anazunguka hapohapo, anadhani ndiyo Mji Mkongwe wote.

Mji ni rasi. Kusini, magharibi na kaskazini ni bahari, mashariki ni barabara ya Mkapa, ile ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari, na ng'ambo yake ndiyo Ng'ambo. Ukishika njia moja bila kugeuka sana, haipiti robo saa utatokea majini au barabarani. Kwa hiyo potea kwa raha.

Njia ya asubuhi: Darajani saa moja, mnada wa samaki kwanza, halafu viungo. Ingieni Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana. Kutoka hapo Hamamni, bafu alilojengewa Sultani Barghash. Shukeni Soko Muhogo hadi Jaws Corner, mnywe kahawa chungu kwa kashata. Mtakuwa mmefika saa nne. Rudini mkalale. Alasiri anzeni Shangani, Ngome Kongwe, Forodhani, Mizingani, mkamalizie Malindi.

#10 Dada_Makini
Ongeza mavazi. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia msipite Mkunazini kifua wazi kama mko ufukweni. Picha ya mtu ni kwa ruhusa, na baraza si benchi la bustani: ni sehemu ya nyumba ya mtu. Ukikaa, toa salamu kwanza. Ukiitoa utakaribishwa hadi uchoke.

#11 Msomi_wa_Mkunazini
Kwenye kanisa msikimbie. Limesimama palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Barghash na Waingereza, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, na amezikwa nyuma ya altare. Tazameni nguzo fupi za upande wa nyuma, zimesimama kichwa chini. Inasemekana mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, na zikaachwa. Pembeni kuna msalaba wa mti uliotoka Chitambo, Zambia, pale ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Kwa sisi waandishi wa Kiswahili kuna jingine. Steere alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kazi za watu kama yeye zilikuwa zimeshatangulia.

Na vile vyumba viwili vya chini, walimokaa watumwa wakisubiri kuuzwa, ingieni mmoja mmoja muone dari ilivyo chini.

#12 MwanaMvita
Mkutano wa Mombasa ukaiacha lugha ya Mombasa. Bado tunauguza.

#13 Jiwe_na_Chokaa
#11, kwenye vyumba vya chini nakupinga kidogo. Jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari, na wamisionari walipachukua pale soko likiwa limeshafungwa. Wapo wanaosema vilikuwa ghala la dawa za hospitali ya misheni. Waongozaji wanataja idadi ya watu kwa kila chumba kana kwamba kuna daftari.

#14 Msomi_wa_Mkunazini
Hoja yako naijua. Lakini jengo la juu kuwa la baadaye hakuthibitishi kwamba shimo la chini ni la baadaye. Watu hujenga juu ya misingi ya zamani kila siku.

#15 Jiwe_na_Chokaa
Na hakuthibitishi kwamba ni la kabla. Soko lenyewe lilikuwa uwanja wa wazi. Hilo hakuna anayelibishia. Mimi huwaambia watu watumie muda zaidi kwenye yale maonyesho ya maandishi na ile sanamu ya 1998, watu watano shimoni na mnyororo shingoni. Hiyo haihitaji mtu akuongezee chumvi.

#16 MwanaDodoma
Haya, na milango? Jamaa aliambiwa ile misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo. Tembo Unguja?!

#17 Fundi_Milango
Swali zuri na majibu yake ni matatu, chagua.

La kwanza ni la waongozaji: India malango ya ngome yaliwekwa miiba ya chuma ili tembo wa vita wasiyasukume, mafundi wa Kigujarati wakaja na mtindo huo huku, ikabaki pambo. La pili ni la ufundi: ubao wa mlango umeungwa kwa mapapi nyuma, na msumari mkubwa ndio unaoshika ubao na papi, kile kikofia cha shaba kinaficha kichwa cha msumari na kuzuia maji yasiingie kwenye mti. La tatu: shaba ilikuwa ghali, na kuisugua kila wiki ni kazi ya mtu mwenye watumishi. Kwa hiyo njumu, yaani hiyo misumari ya shaba, ni matangazo ya mali.

Jinsi ya kusoma mlango. Wa kizingiti cha juu kilichonyooka, mraba, wenye maandishi ya Kiarabu, watu huuita wa Kiarabu. Wa juu tao, wenye maua mengi na vibao vidogovidogo vya mraba, ni wa Kihindi. Tazameni miimo: chini mara nyingi samaki, katikati mnyororo au kamba, juu maua ya yungiyungi au mtende. Mti wa kati unaofunika ungio la mbawa mbili unaitwa mfaa, na fundi hupimwa hapo. Mbao nyingi ni msaji au mfenesi.

#18 Jiwe_na_Chokaa
Ongeza kwamba mnyororo waongozaji wanausoma "mwenye nyumba alikuwa na watumwa". Wengine wanausoma ulinzi wa nyumba, basi. Milango ya watu ambao hawakuwahi kufanya biashara hiyo inayo minyororo vilevile.

#19 Fundi_Milango
Kweli. Na kwa wanaopenda hesabu: mwaka ulio juu ya mlango ni wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, jumlisha 622. Mlango wenye 1306 ni kama 1888 au 1889. Kosa la kawaida ni kusoma tarakimu. Kwa Kiarabu kiduara ni tano, nukta ndiyo sifuri. Mtu akisoma kiduara kama sifuri, anapata mlango wa karne nyingine.

#20 Ramani_ya_Kichwani
Halafu kuna sababu ya tatu ya watu kuona mji hauna kitu: uzuri uko ndani. Nyumba zimegeuzia uso kwenye ua wa katikati, mtaani unaona ukuta tu. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu upana unaamuliwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Tafuteni hoteli iliyokuwa nyumba ya zamani, hata kunywa chai tu, muone ua na darini.

#21 Jiwe_na_Chokaa
Na mkiona ukuta unaobanduka magamba, mara nyingi hapo pana saruji. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizipaka saruji unyevu unanaswa ndani, chumvi inasukuma plasta, boriti zinaoza kwenye ncha. Anayetengeneza kwa haraka anaua nyumba polepole.

Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), ya 1883, ile ya kwanza mtu anayoitaka: sehemu yake ya mbele ilianguka tarehe 25 Disemba 2020. Msipange kuingia mpaka mthibitishe. Jumba la Makumbusho la jirani yake nalo ulizeni kwanza kama liko wazi. Likiwa wazi, Mjerumani wenu apelekwe kwenye habari za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said. Alitoroka 1866 kwa sababu ya mfanyabiashara wa Hamburg, na kumbukumbu zake alizitoa kwa Kijerumani mwaka 1886. Huyo atamsoma bila mkalimani.

#22 Binti_Shangani
Mmeandika mawe kurasa mbili, watu watakula nini?

Forodhani nendeni baada ya Magharibi, si kabla. Mitego ni hii: mishikaki ya kamba na pweza mingi imeshachomwa mapema, inapashwa tu. Kadiri usiku unavyokwenda ndivyo inavyopashwa tena. Kuleni kile kinachopikwa mbele ya macho yenu. Na bei ulizeni kwa mshikaki mmoja *kabla* haujawekwa kwenye sahani, kwa sababu muuzaji anajaza sahani huku anakuchekesha, hesabu inakuja mwisho. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu ikamuliwe mkiangalia. Mwenye tumbo jepesi aseme bila barafu.

Mchana, kama ni wali na mchuzi wa kweli, Lukmaan pale Mkunazini: unasimama, unaonesha kwa kidole, unabeba. Fikeni kabla ya saa saba, baadaye sufuria nzuri zinakuwa chini.

#23 Mpishi_wa_Kokoni
Na ile "pizza" ya Forodhani si pizza jamani. Ni mantabali: unga umekandwa laini kwa mafuta, unavutwa mpaka uone meza, nyama ya kusaga, kitunguu, yai, unakunja pande nne kama bahasha, kaangoni.

#24 Binti_Shangani
Mantabali haina jibini wala mayonezi. Ile ni chapati ya mayai iliyopewa jina la kuuzia wageni.

#25 Mpishi_wa_Kokoni
Jibini ni ya wageni, mkunjo ni wetu. Yemen wanao mkate uleule na jina linalofanana. Jina la pizza lilibandikwa juu.

#26 MwanaMvita
Mombasa tunauita mkate wa nyama na hatugombani.

#27 Mla_Urojo
Ninyi mnagombania kitu cha wageni. Urojo uko wapi? Urojo ni wa alasiri, saa kumi na kuendelea, na mzuri uko mitaani kwenye meza ya mtu mmoja na sufuria moja. Bakuli kamili: viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, mshikaki, chipsi za muhogo juu, chatini ya nazi, pilipili. Kwanza onja rojo tupu. Ikiwa na ladha ya unga mbichi, lipa uondoke.

#28 MwanaDodoma
Unga mbichi unatokana na nini? Mke wangu anataka kuujaribu nyumbani.

#29 Mla_Urojo
Kwa watu sita: maji lita 2, unga wa ngano vijiko vikubwa 4, manjano nusu kijiko cha chai, embe mbichi 2 zilizokatwa vipande, chumvi. Unga ukoroge kwanza kwenye maji *baridi* kikombe kimoja pamoja na manjano. Ukiutupa kwenye maji ya moto unapata mabonge na hayatoki. Chemsha embe kwenye maji yaliyobaki hadi zilainike, ziponde, mimina ule uji huku unakoroga, acha uchemke dakika 15 moto mdogo. Watu hutoa kwenye dakika ya tano ukishaona umekuwa mzito. Huo ndio unga mbichi.

#30 Mpishi_wa_Kokoni
Na ndimu unakamua ukishaepua, la sivyo inakuwa chungu. Ila urojo wa asili ni wa ndimu, embe ni msimu tu.

#31 Mla_Urojo
Wa asili ni embe. Ndimu ni ya aliyekosa embe.

#32 Mshabiki_wa_Taarabu
Jioni ya pili msirudi Forodhani. Nendeni kwenye klabu za taarabu. Culture Musical Club wako Vuga, tangu 1958. Ikhwani Safaa, wale tunaowaita Malindi, wako Kokoni, na ni wa 1905. Siku za mazoezi hubadilika, pitieni mchana muulize mlangoni. Mwenye hamu ya kujifunza ala, chuo cha muziki wa nchi za jahazi, DCMA, kina walimu wa kanuni, udi na fidla.

#33 KaratasiZote
Taarabu si ya 1870 na kitu? Barghash alimpeleka mtu Misri.

#34 Mshabiki_wa_Taarabu
Hiyo ni ya jumba la Sultani. Klabu ya watu ndiyo 1905. Na nani bora kati ya Culture na Malindi, hapa sijibu, nataka kulala kwa amani.

#35 JamaaMwenyewe
Mimi ndiye yule jamaa wa nusu siku. Bado nasema hivyo. Nungwi mtakuja kunishukuru.

#36 Mla_Urojo
Karibu. Ulishuka boti saa ngapi?

#37 JamaaMwenyewe
Saa sita kasoro. Ijumaa.

#38 Ramani_ya_Kichwani
😂😂 Kesi imefungwa.

#39 Binti_Shangani
Haijafungwa. Wapo wanaoshuka saa tatu asubuhi Jumanne na bado wanaboreka. Mtu asiyependa kusalimia, huu mji utamchosha hata kwa saa moja.

#40 Nahodha_Mstaafu
MwanaDodoma, la mwisho kwa upande wa maji. Changuu ni dakika 20 hadi 30. Bei patana ya chombo kizima, kwenda, kungoja *na* kurudi, na pesa itolewe mkisharudi. Kobe wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Lile gereza halikuwahi kufunga mfungwa, lilikuwa karantini.

Mkitaka na fungu la mchanga la Nakupenda, angalieni maji. Fungu linatoka maji yakipwa. Siku za bamvu, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupwa sana na kujaa sana, kwa hiyo fungu linakuwa kubwa kisha linazama lote. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, ratiba ya mtu aliyekwenda wiki iliyopita si yenu. Asubuhi ndiyo bora, alasiri kusi linakuwa limeshaamka.

#41 MwanaDodoma
Nimeandika yote. Siku mbili mjini, moja Nungwi kumridhisha jamaa. Daladala ipo?

#42 Baharia_Mkavu
116, mpandie Kijangwani, si Darajani kama watu wa zamani watakavyowaelekeza. Ya uwanja wa ndege ni 505. Na kanga mnunue Mchangani kabla hamjatoka: inauzwa kwa doti, vipande viwili havijakatwa, mkate na kupinda wenyewe. Someni jina kabla ya kulipa. Kuna mtu kampelekea mama mkwe kanga ya mafumbo kwa sababu alipenda rangi.

#43 Mpishi_wa_Kokoni
Na yule mama anayeuza urojo Kokoni, muulizeni. Ndimu.